Kwenda Kitulo kwa Gari Lako: Panga Kuanzia Mlimani, Si Kuanzia Nyumbani

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Morogoro anayetaka kuwapeleka watoto wake Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, huko nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwa gari la familia, mwezi Juni, shule zitakapofungwa. Aliuliza mambo mawili: mafuta yatakayotumika, na kama barabara inapitika. Namshukuru kwa kuniamini. Hata hivyo, swali linaloamua mengine yote hakuliuliza, nalo ni hili: mwezi huo atakuta nini huko juu?

Kitulo haifanani na hifadhi nyingine tulizozizoea. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba zinazokaribia 413, nayo ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Uwanda wake uko juu, kiasi cha meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na una aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Hutakutana na simba wala tembo, na kwa sababu hiyo unaweza kushuka garini na kutembea kwa miguu. Anayekwenda Kitulo anafuata maua, na maua yana msimu wake.

Ugumu wote wa safari uko hapo. Mvua huko huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na maua hufikia kilele kati ya Desemba na Aprili. Kwa maneno mengine, mvua inayoleta maua ndiyo hiyo hiyo inayoharibu barabara. Juni hadi Agosti njia huwa kavu, lakini uwanda hufunikwa na baridi kali na ukungu, na maua huwa machache. Septemba hadi katikati ya Novemba ni miezi mizuri ya kupanda vilima, kuna jua, ila anayetaka okidi atarudi akiwa na kiu yake. Huwezi kupata barabara nzuri kabisa na maua mengi kabisa kwa wakati mmoja. Ni lazima uchague, na mimi nilichagua maua.

Uchaguzi huo ulinigharimu maneno. Mtu wa karibu sana na mimi, ambaye tulikuwa tumekubaliana kwenda kwa magari mawili na kuchangiana gharama, alijitoa siku chache kabla ya safari, kisha akasimama mbele ya ukoo na kusema kwamba nachoma mafuta ya kilomita mia nane kwenda kuangalia majani. Watu walicheka, na wanangu walisikia. Maneno yale yaliniuma, na sitasema kwamba yamekwisha kuniuma. Nayataja kwa sababu wewe pia utaambiwa, na ukipanga safari hii kwa kutegemea ahadi ya mtu ambaye moyo wake haupo, utabaki na gharama ambazo hukuziandaa. Fanya hesabu yako kana kwamba unakwenda peke yako. Atakayejiunga atakuwa nafuu, na atakayejitoa hatakuvunjia safari.

Mwendo wa Dar es Salaam hadi Makambako sitaueleza sana, kwa kuwa ni barabara kuu ya lami inayojulikana. Heshimu mwendo wa kilomita 50 kwa saa unapokatiza Hifadhi ya Mikumi, panda na kushuka Kitonga kwa gia nzito bila kulipita lori kwenye kona, na ulale Iringa au Mafinga badala ya kulazimisha kufika siku moja. Nia ni kufika Chimala ukiwa na nguvu, maana kazi inaanzia hapo.

Chimala iko kilomita 78 kabla ya Mbeya mjini. Unaacha lami upande wa kushoto na kuukabili ukuta wa mlima kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Tuliianza asubuhi, na huu ndio ushauri ninaousimamia kuliko wote: ianze asubuhi. Mvua za milimani mara nyingi hunyesha mchana, na udongo uliolowa kwenye kona kali hauna huruma na tairi lililoisha. Kabla ya kuondoka nilikwenda kuzungumza na madereva wa fuso zinazoteremsha viazi kutoka Matamba, huko juu barabara inakoishia kupanda. Mmoja wao, mzee wa makamo, nilimwamkia, akaniuliza gari langu ni la namna gani, akainama kutazama tairi, kisha akaniambia kona zipi zimechimbika na upande gani wa kupita. Hakuna ramani ya simu iliyowahi kunipa taarifa kama ile. Akaniasa nipige honi kila kona na nimpishe aliyebeba mzigo. Nilifanya hivyo hadi juu. Kila tulipogeuka, bonde la Usangu lilizidi kuwa chini yetu, na mwanangu mkubwa, ambaye alikuwa amenuna tangu Mafinga, akaanza kuzihesabu kona kwa sauti. Nilijivunia sana siku ile, na bado najivunia, kwamba gari letu la kawaida la familia, lililotayarishwa vizuri, lilitufikisha Matamba salama bila kuvutwa na mtu.

Nasema lililotayarishwa vizuri kwa makusudi. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na lililonyanyuka ndilo linalofaa msimu wa mvua, na gari dogo la chini lisijaribiwe. Mpelekee fundi unayemwamini breki, rejeta na tairi, pamoja na la akiba, wiki mbili kabla na si usiku wa kuamkia safari. Jaza tangi Makambako au Chimala, usitegemee mafuta ya juu. Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa njia ya kielektroniki, hivyo usifike getini ukiwa na fedha taslimu peke yake, na beba vitambulisho ili mtozwe viwango vya raia. Nguo za baridi ni za lazima hata Desemba. Nilimwona baba mmoja aliyewaleta watoto wake wakiwa na fulana nyepesi, na safari yao iliishia ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Huko juu tulitembea na askari wa hifadhi katika nyasi zilizojaa mashada ya maua yaitwayo Kniphofia, mekundu na ya njano, na okidi ndogo ambazo usipoinama huzioni. Tulimwona tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, akitembea taratibu kwenye uwanda. Kipunji hatukumwona, kwa kuwa huishi katika msitu wa Livingstone. Huyu ni kima ambaye sayansi ilimtambua mwaka 2003 tu, ingawa wenyeji walikuwa wanamjua. Askari alitueleza pia kuhusu viazi vya okidi, vilivyokuwa vikichimbwa kwa mamilioni na kupelekwa Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na kwamba biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuilinda Kitulo. Kwa hiyo nawasihi wazazi wenzangu: msiruhusu mtoto achume hata ua moja kwa ajili ya picha. Tusiende kule kama wanunuzi. Tukiwafundisha watoto kwamba uzuri ni kitu cha kuchukua, tutakuwa tumewapotosha kwa gharama yetu wenyewe.

Sasa nirudi kwa mama wa Morogoro. Dada yangu, achana na Juni. Tumia likizo ya Desemba, lakini usisafiri siku za kuelekea Krismasi, wakati barabara kuu imejaa mabasi yanayokimbizana. Ondoka baada ya sikukuu, ulale Mafinga, kisha Chimala, na upande asubuhi inayofuata. Tenga siku moja ya ziada isiyo na ratiba. Madereva wa fuso wakikuambia kwamba Hamsini na Saba imeteleza, waamini, usipande. Endelea hadi Mbeya, shika barabara ya Tukuyu, na uulizie njia ya kuingilia hifadhini kupitia Isyonje. Na ikiwa huko nako hakupitiki, uko jirani kabisa na Ziwa Ngosi lililo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, katika milima ya Poroto, na ukisonga mbele kidogo utafika Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Watoto watakuwa na cha kuona huku nawe ukisubiri udongo ukauke ili ujaribu tena kesho yake.