Bonsai ikianza kuoza shinani: fuata maji kabla ya kushika patasi

Ukiona shina la bonsai yako, yaani mti unaofugwa mdogo chunguni, limeanza kulika kwa ndani, weka patasi pembeni kwanza. Wengi tulifundishwa kuchimba mpaka mbao safi ionekane, kama daktari wa meno anavyosafisha jino. Kwa mti, ushauri huo unadhuru.

Mbao hailiwi na maji, inaliwa na kuvu, yaani fangasi, na fangasi hao hawawezi kazi bila unyevu. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 20 hivi, wanalala tu. Na mti nao haukai bure. Mmarekani Alex Shigo, aliyefanya kazi Idara ya Misitu ya nchi yake na kupasua maelfu ya miti kuangalia ndani, alionyesha kwamba mti haurudishii uhai sehemu iliyojeruhiwa. Huizingira kwa kuta. Ukuta dhaifu kuliko yote ni ule wa kuzuia uozo usipande wala kushuka, ndiyo maana shina huoza kwa urefu. Ulio imara zaidi unatenganisha mbao ya zamani na ile inayoota baada ya jeraha. Ukichimba hadi mbao safi, umeutoboa ukuta na kuwafungulia fangasi mlango.

Nina mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, nilioukuta na kovu pana juu ya shina, limebonyea katikati. Masika ya hapa Nairobi, Machi hadi Mei, maji yalikuwa yanatuama pale. Ukibonyeza kwa bisibisi nyembamba, ncha inazama; kinachotoka ni nyuzi laini, nyeupe kuelekea manjano, zimelowa. Hiyo ni kazi ya fangasi wanaokula hata lignini, ile inayoupa mti ugumu. Kwenye mtarakwa utaona tofauti: mbao ya kahawia, imepasukapasuka vipande vya mraba na kusagika vidoleni.

Nilitumia mswaki mkavu mgumu. Nikatoa kilicholegea, na pale mbao ilipoanza kukataa nikaacha, ingawa rangi ilikuwa bado nyeusinyeusi. Mbao yenye doa lakini ngumu haiguswi. Kisha nikachonga ukingo wa upande uliokwisha kufa, ambako gome halikuwa linarudi, maji yapate pa kutokea. Kutoboa tundu refu la kutolea maji kupitia mbao nzima sikubaliani nako, kwa sababu ileile ya ukuta.

Baada ya hapo, subira. Chungu kilikaa chini ya bati, nikimwagilia udongo peke yake, mpaka kovu likakauka kabisa. Ndipo nikadondoshea supaglu nyepesi ili mbao iinywe. Ukipaka gundi au rangi juu ya mbao mbichi umefungia unyevu ndani, na uozo utaendelea usiuone.

Dawa ya chokaa na salfa wanayotumia Wajapani inafaa kwa matawi makavu yanayoachwa kama pambo kwenye mtarakwa, ambao moyo wake ni mgumu kuoza kiasi kwamba watu huufanya nguzo za ua. Ipakie nje, maana inanuka mayai viza, funika udongo kwa nailoni, na kamwe usiichanganye na siki wala asidi yoyote: hutoa gesi ya sumu. Kwa mugumo sikushauri kuacha mbao kavu kama pambo. Huoza upesi mno. Afadhali kovu lizibwe na gome jipya.

Sehemu ya kukagua kwanza ni pale mbao iliyokufa inapogusa udongo, kwa kuwa hapo hapakauki. Shusha udongo kidogo, mbao ipate hewa. Lakini ukikuta mizizi myeusi inayovunda, hilo ni tatizo lingine, na dawa yake ni kubadilisha udongo unaoshika maji.

Mimi hupita na bisibisi chungu kwa chungu mwezi wa Februari, wakati mbao ni kavu na bado kuna siku za jua za kukaushia chochote nitakachofungua kabla mvua haijaanza.