Kabla ya kufungua dawati la marejeo mtandaoni

Wakuu wa maktaba wakisikia huduma ya pamoja ya mtandaoni, yaani maktaba kadhaa kusaidiana kujibu maswali ya wasomaji, huulizia kwanza bei ya programu. Programu ndiyo rahisi. Kazi iko kwenye kukubaliana nani anajibu nini.

Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoanza majaribio ya mtandao wa aina hii mwaka 2000, kila maktaba shiriki ilijaza wasifu: saa za kazi, lugha, na fani inazozimudu. Maswali yaligawiwa kwa kufuata wasifu huo. Mwaka 2002 majaribio hayo yakazaa huduma ya QuestionPoint, kwa ubia na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba. Basi wasifu wenu uwe mahususi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), kwa mfano, kuandika "historia" peke yake hakutoshi. Utaje mkusanyo wa East Africana, yaani machapisho kuhusu Afrika Mashariki, na kipi kinaweza kuskaniwa.

Halafu fomu ya swali. "Naomba material kuhusu ardhi" halijibiki. Fomu iulize: eneo gani, miaka ipi, kwa kazi ya ngazi gani, na umeshaangalia wapi. Mkutubi wa zamu amsaili msomaji kwanza ndipo alipeleke swali kwa wenzake. Likienda bichi, litarudi bichi, na siku mbili zimeshapotea.

Saa nazo zinaponza. Msomaji wa Dar akiandika "nalihitaji kesho saa nne", mkutubi wa Washington ataelewa alfajiri. Tumieni 10:00, na mtaje kuwa ni saa za Dar es Salaam. Kumbukeni pia kwamba hapa ikiwa saa tatu asubuhi, kule ni saa saba au saa nane usiku, kutegemea majira.

Msianze na mazungumzo ya maandishi ya papo kwa papo (chat). Yanataka mtu aliyekaa kitini muda wote, na umeme ukikatika msomaji huona amepuuzwa. Anzeni na fomu, mkiahidi jibu ndani ya siku mbili za kazi. Kila swali liwe na jina la mwenye kulishughulikia. Lisilo na mwenyewe kila mtu hudhani mwenzake amelichukua.

Makala za hifadhidata za kulipia msizitume ovyo kwa wasio wanachama wenu, maana leseni nyingi hazikubali. Tumeni rejea kamili na maelezo ya pa kuipata. Jibu likiingia kwenye hifadhi ya pamoja ya majibu, ondoeni jina, simu na namba ya usajili ya muulizaji, kisha wekeni tarehe ya kulikagua upya, kwani viungo hufa haraka.