Kwa nini risasi inapita juu ukipanda milimani

Mkuu, umesema bunduki yako ya .308 inapiga katikati ukiwa tambarare, ila ukifika mita 1,500 inapita juu ya alama, na kikokotoo cha simu cha kupigia hesabu za risasi umekijaza vizuri. Anzia kwenye kanieneo ya hewa. Programu nyingi za hali ya hewa hutoa kanieneo iliyorekebishwa kwa usawa wa bahari, tuseme hektopaskali 1,015. Pale uliposimama ni kama 845 tu. Ukijaza 1,015, kikokotoo kinaamini uko ufukweni kwenye hewa nzito, kinakuongezea kliki (hatua za kuzungusha kirekebishi cha darubini) usizozihitaji. Jaza kanieneo halisi ya mahali ulipo, au mwinuko peke yake.

Unyevunyevu achana nao, kwa masafa ya uwindaji hutauona.

Joto ndilo la kuangalia, maana linagusa na baruti. Baruti nyingi huongeza kasi kama nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Ukipima kasi asubuhi kwenye nyuzi 10 na kufyatua mchana kwenye 30, umeshaongeza mita 10 kwa sekunde. Kwa mita 200 si kitu. Kwa 400 inaonekana, na risasi zilizokaa juani garini huwa na joto kuliko hewa yenyewe.

Mteremko: zidisha umbali uliopimwa na kipima umbali cha leza kwa kosini ya pembe. Mita 300 kwa nyuzi 30 piga kama 260, uwe unalenga juu au chini. Wengi hukosea hapa wakidhani kulenga juu kunahitaji kuongeza.

Kasi ya kwenye boksi la risasi usiiamini, ilipimwa kwa mtutu mwingine. Pima yako kwa kronografu (kipima kasi ya risasi), risasi 10, chukua wastani. Kisha piga mita 300 kwenye karatasi, na kama hesabu imepishana, rekebisha kasi kidogo kidogo hadi ilingane. Kigezo cha balistiki (namba ya jinsi risasi inavyopenya hewa) usikiguse mpaka ufike masafa marefu zaidi.

Bado inapishana? Kagua darubini. Chora mstari wima kwa timazi kwenye karatasi, mita 100 zilizopimwa kwa futi kamba, piga, pandisha darubini mil 5 (mil moja ni sentimita 10 kwa mita 100), piga tena ukilenga palepale. Umbali kati ya matundu uwe sentimita 50. Ukiwa 48.5, kliki zako ni 0.97 ya zilivyoandikwa, na namba hiyo ndiyo ya kujaza.