Mvuke au ukungu?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Nasomea uhandisi wa vifaa. Juzi nilimweleza nyanya, ambaye ni mfinyanzi, jinsi tunavyotengeneza unga laini wa kauri maabarani: "Chumvi za madini huyeyushwa majini, maji yakageuzwa mvuke kwa sauti ya juu, mvuke ukapitishwa tanurini." Akauliza kama mashine hiyo haiwanyimi majirani usingizi. Binamu yangu akasema ningesema "ukungu". Mjomba akacheka, eti ukungu ni wa mkate ulioharibika. Nani yuko sahihi?

JIBU: Binamu yako. Lakini swali la nyanya lina uzito kuliko unavyodhani, nitalirudia.

Mvuke ni maji yaliyogeuka hewa. Bandika sufuria ya maji ya chumvi jikoni uyachemshe hadi yakauke: mvuke utakwenda zake na chumvi itabaki imegandia chini. Kwa hiyo, mashine yenu ingekuwa inatoa mvuke, tanurini kungefika maji matupu. Huo unga wa kauri ungetoka wapi? Kinachopanda pale ni vitone vya maji bado, na kila kitone kimebeba chumvi yake. Kikiingia kwenye joto la mamia ya nyuzi, maji hukauka, chumvi huvunjika, na kitone kimoja huacha chembe moja, aghalabu ya mviringo, ndogo kuliko kitone chenyewe. Kikikaushwa kwa pupa, ganda la nje hutangulia kukauka na chembe ikatoka na uwazi ndani kama kibuyu.

Haya mimi nilifunzwa na meza. Mtoto wetu alikuwa na mafua, tukanunua kile kimashine cha kutia unyevu chumbani, kinachofanya kazi kwa kisahani kinachotetema. Nilitia mkono kwenye kile kilichokuwa kikitoka, nikiogopa kuungua kama kwa birika. Kilikuwa baridi. Baada ya siku tatu meza ilikuwa na unga mweupe, mama watoto akalaumu vumbi la barabara. Kumbe yalikuwa maji yetu ya kisima, haya ya Nakuru yenye chumvichumvi: vitone vilikauka hewani, vikaacha mzigo wao mezani. Mashine yenu ni hiyohiyo, ila imeongezwa tanuri.

Mjomba naye hajakosea, amechagua maana moja tu. Ukungu ni wa mkate na ni wa alfajiri. Mtu akikwambia ukungu umefunika ziwa pale Dunga, hufikirii mkate. Ukiona shaka itabaki, sema "ukungu wa vitone". Usiseme manyunyu, kwa sababu manyunyu ni mvua nayo huanguka. Vitone vyenu, vya kama mikroni 3 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huelea na kuchukuliwa na hewa. Umande ndio kabisa usiutaje, huo huonekana umekwisha kutua kwenye majani.

Sasa nyanya. Kwa Kiswahili cha kila siku, "sauti ya juu" ni ya redio ya matatu. Wewe ulikusudia wembamba wa sauti, si ukubwa wake. Wanaisimu huita jambo hilo kidatu, na anayezungumza Dholuo, lugha yenye toni, analijua hata bila neno. Kisahani chenu hutetema labda mara milioni 1.7 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea karibu na 20,000. Kwa hiyo majirani wanalala. Sema "mitetemo isiyosikika", au "altrasaundi" moja kwa moja. Nyanya atakuwa amelisikia neno hilo kliniki ya wajawazito.

"Kauri" sina ugomvi nalo. Awali ni simbi ya baharini, kisha likahamia kwenye vyombo vyeupe ving'aavyo. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo, wakaviita vyombo vya China porcellana, jina la simbi iyo hiyo. Ila mtungi wa nyanya usiuite kauri mbele yake. Ule ni udongo uliochomwa, ingawa vitabu vyenu vinauweka wote kwenye kapu moja la seramiki.

Na mkielekeza ukungu huo kwenye kioo chenye moto badala ya kuupitisha tanurini, kinachobaki juu ya kioo ni utando, kama wa maziwa. Angalia irabu ya mwisho: utandu ni ukoko wa wali.

Basi rudi kwa nyanya umwambie hivi: "Tunayeyusha chumvi za madini majini, tunayapasua maji kuwa ukungu kwa mitetemo isiyosikika, kisha tunaupitisha ukungu kwenye tanuri, na kila kitone kinaacha chembe ya kauri." Yeye hufinyanga kwanza, akachoma baadaye. Mwambie kwenu kitone hujifinyanga chenyewe kikiwa motoni, halafu uone kama ataamini.