Morisi wanaongea lugha gani hasa?

SWALI: Mambo mhariri, jamaa yangu kapata kazi Morisi, ananiambia Kiingereza kinatosha, eti kweli?

JIBU: Poa ndugu. Ofisini na bungeni sawa, ila gazeti atasoma Kifaransa na mtaani ni Krioli tupu, lugha yao iliyotokana na Kifaransa, ambayo shule za msingi zilianza kuifundisha kama somo 2012 tu, wamechelewa kwa kweli. Na lugha kule si mchezo: noti za 1998 zilitanguliza maandishi ya Kihindi mbele ya Kitamil, Watamil wakachachamaa mpaka noti zikaondolewa! Dini sasa, Wahindu ndo wengi, lakini Septemba kwenye kaburi la Padri Laval, mmisionari Mkatoliki wa karne ya 19, pale Sainte-Croix jijini Port Louis, utakuta Wakatoliki, Wahindu na Waislamu. Mwambie aanze na "ki manyer", yaani "habari gani" kwa Krioli.