Majazi, lakabu na ubini wa wahusika

SWALI: Mwalimu wetu wa fasihi anasema jina la kila mhusika ni majazi, kwa hiyo sharti tutafute maana yake. Kwa Majivuno wa riwaya ya Kusadikika sina taabu, lakini Maimuna wa riwaya ya Utengano nimeshindwa. Je, majazi na lakabu vina tofauti gani? Na jina la pili la mhusika, lile la ukoo, nalo huwa na siri?

JIBU: Kwa heshima zote kwa mwalimu wako, hapo amezidisha. Juma anaweza kuwa Juma tu. Jina huwa majazi pale linapooana na tabia au hali ya mhusika, iwe kwa kuafikiana nayo au kwa kuikejeli. Lakabu ni jina la kupanga: mtu amejiita au amebandikwa na watu, huku jina lake la kuzaliwa likiwa lipo. Hivyo majazi ni kazi ya mwandishi, na lakabu hutoka kwa wahusika wenyewe. Zipo lakabu ambazo pia ni majazi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hubabaika.

Shaaban Robert, mtunzi wa Kusadikika, hakuficha kitu. Majivuno ndiye waziri anayemshitaki Karama, mhusika mkuu. Katika Adili na Nduguze, nduguze Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji hashangai wanapomtosa ndugu yao baharini. Majina ya namna hii yanakukabidhi mhusika mzimamzima kabla hajafungua kinywa. Binafsi yananichosha kidogo, ingawa kwa hadithi za maadili yanafaa.

Maimuna ni habari nyingine. Kwa Kiarabu jina hilo ni la mwenye baraka, mwenye bahati njema. Sasa mtazame binti wa Bwana Maksuudi: anafungiwa ndani, anatoroka, anaangukia danguroni na kwenye ulevi. Majazi yapo, ila yamepinduliwa. Katika mtihani andika kwamba jina lake ni la kinaya, kisha taja tukio la kuthibitisha. Bila tukio hujajibu swali, umefasiri kamusi. Rosa Mistika wa Kezilahabi (1971) yuko kundi hilohilo. Asiyejua litania ya Bikira Maria, sala ya Wakatoliki inayotaja sifa zake, atadhani Mistika ni jina la babake Rosa, kumbe babake ni Zakaria, na majina yote mawili kwa pamoja ni sifa ya Maria, waridi lenye fumbo. Msichana aliyebebeshwa jina la Bikira ndiye anayeharibikiwa.

Hapo tumefika kwenye jina la pili. Wengine huliita ubini, kutokana na "bin", kwa kuwa kwa mazoea ya Waswahili jina linalofuata lako ni la baba, kisha la babu. Ndiyo maana mwandishi akiweka kitu kingine mahali pa baba, tega sikio. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kongowea Mswahili, msimulizi wa Siku Njema ya Ken Walibora. Kongowea ni mahali Mombasa. Mswahili ni utambulisho wa watu wengi. Jina zima halina baba ndani yake! Na hadithi yenyewe ni ya kijana wa Tanga asiyemjua babake, anayevuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta. Pengo limeanzia kwenye jina.

Mwandishi huyohuyo, katika Kidagaa Kimemwozea, anatupa Mtemi Nasaba Bora. Nasaba ni ukoo, mlolongo wa vizazi. Wengi huishia kuandika "jina hili ni kinyume kwa sababu mtemi ni katili". Ukatili hauhusu nasaba hata kidogo. Tazama kitoto Uhuru: ni damu ya mtemi mwenyewe, aliyezaliwa na msichana Lowela, naye anatupwa mlangoni kwa Amani, mchungaji wa mtemi. Mwenye nasaba bora anaikana nasaba yake. Nduguye Majisifu sina haja ya kumfafanua. Anajisifia kitabu ambacho muswada wake aliuiba.

Umeuliza pia kuhusu siri. Iliyofichika vizuri kuliko zote naiona kwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwayani, ambaye tabia yake huwezi kuisoma kwenye jina hata ulikamue vipi. Lakini mtunzi wake ni Muhammed Said Abdulla. Chukua herufi za mwanzo za majina yake matatu uziunganishe. Hayo si majazi, maana hayasemi lolote kuhusu mwenendo wa mpelelezi. Mtunzi naye akaja kujulikana kwa jina hilohilo la Bwana Msa. Kwake yeye, sasa, ndiyo lakabu.