Kiolezo au kielelezo?

Msomaji ameuliza: "Kazini tunaandaa barua ambazo kompyuta inazijaza yenyewe majina na taarifa za wateja. Ile barua ya mfano, yenye nafasi za kujazwa, mimi naiita kiolezo. Mwenzangu anashikilia kuwa ni kielelezo. Nani amepatia?"

Umepatia wewe. Kiolezo kinatokana na kitenzi oleza, yaani kufuatisha kitu kwa mfano wa kingine, na wingi wake ni violezo. Kielelezo ni cha kufafanulia au kuthibitishia jambo, kama mchoro kitabuni au ushahidi mahakamani. Hilo limekwisha. Sasa nitegeeni masikio nyote wawili, maana linaloniudhi ni yale yanayoandikwa ndani ya violezo hivyo.

Nimepokea ujumbe: "Kiti yako imetumwa." Kiti yako! Kiswahili sanifu hakisemi hivyo. Nikaufumua nione uliharibikia wapi. Bila shaka kiolezo kiliandikwa "«BIDHAA» yako imetumwa", na aliyekiandaa akakijaribu kwa neno simu. Simu yako imetumwa: safi, akafunga kazi. Hakujaribu mwavuli, ambao ungedai wako umetumwa. Hakujaribu godoro: lako limetumwa. Wala viatu: vyako vimetumwa. Nomino moja inabadilisha maneno mawili kwa mpigo, kimilikishi na kitenzi, na yeye ameyagandisha yote mawili kwenye ngeli ya simu. Kimilikishi cha Kiingereza hakijali kimeandamana na nomino gani. Ukitafsiri kiolezo cha Kiingereza neno kwa neno, shimo hili hulioni mpaka umetumbukia.

Wapo wanaonijibu kwamba ujumbe umeeleweka, yatosha. Haitoshi hata kidogo. Mtu akiteleza ulimi, kosa linapita na maongezi yanaendelea. Kiolezo kinalirudia kosa lilelile kila siku, kwa kila mteja, kwenye karatasi yenye nembo, na anayejifunza Kiswahili analisoma akidhani ndiyo sarufi.

Na dawa ni nyepesi! Usiiache nafasi ya kujazwa iitawale sentensi. Tanguliza nomino yako mwenyewe, ambayo ngeli yake unaijua: "Mzigo wako umetumwa: «BIDHAA»." Mzigo umebeba upatanisho wote; kikija kiti, ukija mwavuli, hakiharibiki kitu. Kama ni lazima bidhaa ianze sentensi, ongeza safu mbili kwenye jedwali la data, moja ya kimilikishi na moja ya kitenzi, kisha mbele ya kiti ujaze chako na kimetumwa, mbele ya godoro lako na limetumwa. Inachosha, lakini unaifanya mara moja tu.

Idadi nayo ina mtego wake. Ukiandika "viti «IDADI»", ipo siku mteja atasomeshwa "viti 1". Andika "Idadi: 1" na jina la bidhaa likae kando.

Wanaosema templeti badala ya kiolezo siwagombezi tena. Neno limeshaingia midomoni, na upatanisho wake wanaupatia. Ila ninyi wawili, kabla kiolezo chenu hakijaanza kazi, kijaribuni kwa simu, kiti, mwavuli, godoro na viatu, na msome kila barua kwa sauti.